Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Lifti za Dodoma zinakufia mlangoni

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, maghorofa yameota kila upande, kuanzia katikati ya mji hadi Mtumba. Kwa hilo tunashukuru. Lakini kuna jengo moja la ofisi, sitalitaja, ambalo karatasi yake ya "LIFTI MBOVU, TUMIA NGAZI" imekaa ukutani hadi pembe zimejikunja. Haina tarehe wala namba ya simu. (Wiki ya ugeni mkubwa lifti hiyo hupona ghafla. Sijui dawa yake ni nini.) Mzee mmoja wa magongo, katoka Kondoa kufuatilia mafao yake, aliishia benchi la mapokezi, kijana wa ofisi akipanda na kushuka na jalada lake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010.

Ukitaka kujua kwa nini lifti zinakufa, Mheshimiwa, usianzie kwenye mota. Inama mlangoni. Ule mfereji wa chuma ambamo mlango unateleza umejaa vumbi letu la kiangazi, maganda ya karanga na vijiti vya meno. Mlango unakaribia kufunga, unakwama, unarudi, unajaribu tena, mwisho lifti inagoma. Mafundi wanajua kwamba milango ndiyo inayoongoza kwa usumbufu, maana inafunguka na kufunga kila inaposimama. Kisha dada wa usafi, ambaye hakuna aliyemwelekeza, anasukuma maji ya kudekia humohumo. Yanashuka hadi shimoni na kukutana na swichi na nyaya. Brashi na kitambaa kikavu kila asubuhi vingepunguza safari nyingi za fundi.

Umeme ukipanda na kushuka nao unaunguza kadi, ile bodi ya kielektroniki inayoiongoza lifti. Vifaa vya kuikinga vipo, na ipo betri ya kuifikisha lifti ghorofa ya karibu umeme ukikatika, watu watoke salama bila kuvunja mlango.

Kuharibika tunakuelewa, mashine ni mashine. Kinachotuchosha ni kusubiri. Barua inaandikwa, inasubiri saini, kasma (fungu la bajeti la kulipia) inatafutwa, nukuu za bei zinaombwa, kipuri kinaagizwa nje. Rola ya mlango, kitu cha kushika kiganjani, inasimamisha jengo zima. Na fundi wa Dar es Salaam asitwambie tena habari za umbali, treni ya SGR inafika hapa tangu 2024.

Ninachoomba ni mikataba ya matengenezo ibadilike. Leo mkandarasi analipwa kwa kuja, hata akija akasaini kitabu na kuondoka. Alipwe kwa siku ambazo lifti imefanya kazi, na akatwe kwa siku ambazo imesimama, uone kama hatatunza vipuri stoo hapahapa Dodoma. Na ile karatasi ya ukutani iandikwe imeharibika lini, nani ameitwa, na itarudi lini.

Bajeti ya wizara yako ikisomwa bungeni, tutakuwa tunasikiliza fungu la matengenezo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Nzuguni, Dodoma