Risala ya Chama cha Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Habari za Mji wa Ujiji

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum.

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha Mombasa na shuleni kwetu. Muhula huu tumesoma habari za Ujiji, mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na huenda ukajiuliza watoto wa pwani wanatafuta nini huko bara. Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu vilifika ziwani kwa miguu.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858, Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kutangulia. Nguo na shanga ziliingia, pembe za ndovu zikatoka, na pamoja nazo walitoka watu waliouzwa utumwani, jambo ambalo wengi hulipita haraka ili wafikie kisa cha mwandishi wa habari Stanley kumkuta mmisionari Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871.

Mnara wa kumbukumbu ya kisa hicho leo uko mbali na maji. Enzi hizo ziwa lilikuwa juu zaidi, kwa kuwa Mto Lukuga, ambao ndio pekee unaotoa maji ziwani na kuyapeleka upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa kwa tope na majani. Ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yalishuka kwa mita kadhaa, na kwa kuwa pwani ya Ujiji ni tambarare, ufuo ulisogea mbali na mji.

Mheshimiwa, hapa ndipo tulipobishana sana. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na bado Ujiji ulikosa maji ya kutosha kwa meli kubwa. Wajerumani walichagua ghuba ya Kigoma, iliyo karibu na yenye kina, na reli kutoka Dar es Salaam ikaishia huko mwaka 1914. Sisi tuliozoea kuona majahazi ya Bandari ya Kale na meli kubwa za Kilindini, bandari yetu yenye kina, hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Biashara kubwa ilihamia Kigoma. Ujiji ukabakiwa na misikiti yake, michikichi, na wavuvi wanaoingia ziwani usiku wa giza na taa za kuvutia dagaa, kisha wakapumzika mwezi unapokuwa mpevu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. Ramani yetu ya Afrika Mashariki imechanika hasa upande wa maziwa, nasi tunaomba nyingine. Aidha, tunaomba utusaidie kupata shule moja ya Ujiji ili tuandikiane barua na wanafunzi wenzetu wa huko, tuwaulize ufuo umefika wapi sasa.

Ahsante kwa kutusikiliza.