Kabla ya Kuandika Malengo, Fungueni Daftari la Washirika

Kwenu wazee wa kanisa, mashemasi, wainjilisti na viongozi wa vikundi mnaojiandaa kupanga malengo ya mwaka,

Bwana asifiwe.

Nimekaa kwenye mabaraza ya kanisa tangu nikiwa kijana wa kuandika mihutasari, hadi leo ninapoingia kikaoni nikishikwa mkono. Mipango niliyosaidia kuiandika ni mingi. Michache ilikuza watu. Mingi ilizaa makaratasi. Ninawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu lipo kosa nililoshiriki mwenyewe ambalo sitaki mlirudie.

Mwaka mmoja tuliazimia kuongeza washirika maradufu. Lengo tukalibandika ukutani, tukalihubiri, tukafunga na kuomba kwa ajili yake. Mikutano ya injili ikafanyika, watu wakaja mbele, majina yao yakaandikwa kwenye kadi. Karani nilikuwa mimi. Kadi zile nilizihesabu, nikazifunga kwa uzi, nikaziweka kabatini. Hesabu ikasomwa kwenye mkutano mkuu, watu wakashangilia. Hakuna aliyekabidhiwa hata kadi moja ili aende kubisha hodi kwa mtu.

Katika mwaka huohuo, mama mmoja mjane aliyezoea kukaa safu ya nyuma aliacha kuja. Ilipita miezi minne kabla hatujagundua. Nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na kanisa. Nilipomtembelea hakunilaumu, aliniambia tu: "Nilikuwa nawasikia mkiimba."

Neno lile sijalisahau. Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja katika kila baraza nililoketi: malengo ya kanisa yaanze na watu ambao Mungu amekwisha kutukabidhi, kwa majina yao, na yataje kazi ambayo mikono yetu inaweza kuifanya. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Basi kupanda na kutia maji tupange. Idadi ya mavuno tumwachie mwenye shamba, huku tukimwomba kwa bidii.

Sisemi msihesabu. Wapo ndugu wanaoogopa takwimu zote kwa sababu ya Daudi, aliyewahesabu watu na taifa likapigwa kwa tauni. Lakini Musa aliagizwa na Mungu mwenyewe kuhesabu, na wanaume 603,550 wa kitabu cha Hesabu waliandikwa kwa jamaa zao, jina kwa jina. Hata yule mchungaji wa Luka 15 asingejua kwamba mmoja amepotea kama hakuwa na desturi ya kuwahesabu wote 100. Donald McGavran, mmisionari aliyetumika India na ambaye maandishi yake ya mwaka 1955 yaliamsha mjadala mkubwa kuhusu ukuaji wa makanisa, alisisitiza kwamba makanisa yajitazame kwa takwimu za kweli. Katika hilo namuunga mkono. Takwimu humsaidia mchungaji akizitumia kumtafuta aliyepotea. Zikitafutwa kwa ajili ya kusomwa mkutanoni, huishia kabatini kama kadi zangu.

Kwa hiyo anzeni kama Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano wa hadhara. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta na kuona ulipobomoka. Baadaye ndipo akasema, "Njoni tujenge." Ukuta ulikamilika kwa siku 52, na ukisoma majina ya wajenzi utaona kwamba baadhi yao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe.

Kuzunguka ukuta, kwenu, ni kufungua daftari la washirika na kusoma jina moja moja. Kwa kila jina ulizeni: nani kati yetu alimwona mwezi huu? Amebeba mzigo gani? Ana karama gani ambayo bado hatujaipa nafasi? Kazi hii huchukua vikao viwili au vitatu, na inachosha. Kuna majina yatakayosomwa na baraza zima likanyamaza. Msikimbie ukimya huo. Mtajifunza mengi ndani yake kuliko katika ripoti ya mwaka mzima.

Hapa nawaomba mtazame jambo lililotokea Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Watu wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Wamethodisti, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akapendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Ikaelezwa kwamba wengine ni maskini mno, hawawezi. Akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila wiki, na asiyeweza nitamlipia. Wengine wakafuata mfano wake. Lakini waliokwenda kuchukua peni waliyaona mengine majumbani: huyu ana ugomvi na mkewe, yule amerudia ulevi. Wesley alitambua mara moja kwamba amepata alichokuwa akikitafuta. Makundi yale ya watu kama kumi na wawili yakawa uti wa mgongo wa Wamethodisti kwa vizazi. Lengo lilikuwa la fedha. Lililokuza kanisa ni mtu kuingia nyumbani kwa mwenzake kila wiki na kumuuliza hali ya roho yake. Baraza ambalo haliwezi kusema nani anamtembelea nani halijafika bado mahali pa kupanga ukuaji.

Mkifika kwenye kuandika, someni Matendo 6 polepole. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Walikubali kwamba kasoro ipo, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Yatazameni majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia: yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kanisa liliikabidhi meza mikononi mwa watu wa upande uleule uliokuwa umesahauliwa. Mstari wa 7 ndio unaosema neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Basi yale manung'uniko ambayo karani wenu huyaweka chini ya "mengineyo", yapandisheni juu ya ajenda. Mara nyingi lengo la kwanza la kanisa limefichwa humo.

Maneno ya lengo nayo yawe wazi. "Kuimarisha maisha ya kiroho ya waumini" si lengo, kwa kuwa hakuna siku mtu ataweza kusema limetimia au limeshindikana. Jaribuni hivi: kila atakayebatizwa mwaka huu awe na mshirika mmoja aliyekomaa, anayejulikana kwa jina, watakaokutana kila wiki kusoma Injili ya Marko. Marko ina sura 16. Sura moja kwa wiki ni karibu miezi minne. Baada ya miezi hiyo mtajua kwa hakika nani alifuatiliwa na nani aliachwa. Malengo matatu ya namna hii yanatosha kwa mwaka, na kila moja liwe na mtu wa kuulizwa.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 alipaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Mkiona bajeti hailingani na malengo, punguzeni malengo kabla ya kuwabebesha watu michango.

Kuhusu viongozi nina uchungu zaidi. Yethro, mkwewe Musa, alimwona Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba jambo lile si jema, atajichosha yeye na watu wote pia. Makanisa mengi bado yanamwua mchungaji wao kwa namna hiyo, na wazee wenzangu wengi wameshikilia nafasi zao mpaka vijana wameondoka. Katika 2 Timotheo 2:2 mna vizazi vinne katika sentensi moja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Kila mmoja wenu katika baraza amtaje mtu anayemwandaa. Asiye na mtu, hilo ndilo lengo lake la mwaka.

Neno kwa ndugu zangu wa makanisa madogo, hasa yale ambayo vijana wake wamehama kutafuta kazi na waliobaki ni wazee. Msijipime kwa kanisa la jirani. Washirika kuhama kutoka kanisa moja kwenda lingine hakuongezi mtu hata mmoja katika ufalme wa Mungu. Kati ya makanisa saba ya Ufunuo, mawili tu hayakukemewa: Smirna, lililokuwa maskini, na Filadelfia, lililokuwa na nguvu kidogo. Sardi lilikuwa na jina la kuwa hai, lakini lilikuwa limekufa. Kanisa la watu ishirini wanaojuana, wanaosameheana na wanaomshuhudia Kristo kwa majirani zao ni kanisa lenye afya, hata kama mwakani watakuwa ishirini.

Basi kikao chenu cha kwanza kisiwe na ajenda nyingine ila daftari. Likisomwa jina na wote mkanyamaza, simamisheni kikao, mpangane nani atakwenda kubisha hodi jioni hiyohiyo. Mpango utawangoja.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa