Sabufa ya Probox inayokatika besi ikipiga

Kaka Hamisi,

Salaam aleikum. Natumaini mama na watoto hawajambo.

Unasema sauti ikiwa chini amplifaya inapiga vizuri, besi ikizidi taa nyekundu ya PROTECT inawaka, muziki unakatika, kisha unarudi wenyewe. Fundi kakuambia imeungua, ununue nyingine. Tafadhali usinunue bado. Amplifaya iliyoungua ndani kwa kawaida huwasha taa hiyo mara tu ukiiwasha, hata ukichomoa waya wa spika na wa RCA (ule unaoleta muziki kutoka redio). Yako inakata ikidaiwa umeme mwingi, kwa hiyo shaka yangu iko kwenye waya, na zaidi kwenye ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari.

Weka mita kwenye volti za DC, washa injini, upime kwenye skrubu za amplifaya yenyewe, si kwenye betri. Bila muziki utegemee 13.8 hadi 14.4. Kisha cheza mlio mfululizo wa 50 Hz kwa sekunde chache tu, kwa sababu mita za bei nafuu haziwahi kusoma besi inayodunda na kuacha. Volti zikiporomoka kuelekea 10, mchawi umempata. Kilichobaki ni kujua amekaa upande gani. Unga waya mrefu kwenye kijiti cha mita ufike hasi ya betri, kijiti kingine kiwe kwenye GND ya amplifaya (skrubu ya ethi), mlio ukiendelea. Ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Rudia kati ya chanya ya betri na chanya ya amplifaya. Pande zote mbili zikiwa safi na volti bado zinashuka, kapime betri na alteneta.

Ethi nyingi zimefungwa juu ya rangi ya bodi, na rangi haipitishi umeme. Wengine hutumia boliti ya mkanda wa kiti. Hiyo usiiguse kabisa, ni ya kuokoa maisha. Tafuta bati nene karibu na amplifaya, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga ringi kwa boliti yenye washa ya meno, ukaze, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Waya usizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na wa chanya.

Kuhusu huo wa chanya: amplifaya yako ya wati 500 za RMS (nguvu ya mfululizo) huvuta karibu ampea 45 ikipigwa kwa nguvu. Kutoka betri ya mbele hadi buti, weka geji 4 ya shaba tupu, na fyuzi ya ampea 60 isiyozidi sentimita 45 kutoka betri. Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko unene wake unavyoonyesha.

Volti zisiposhuka, geukia sabufa. Ina koili mbili za omu 4: zikiungwa sambamba ni omu 2, zikifuatana ni 8. Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu, upime. Omu 2 husomeka 1.6 hadi 1.9 hivi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Pima pia kati ya waya wa spika na bodi, pasisomeke kitu. Waya uliobanwa chini ya reli ya kiti huleta maradhi hayohayo.

Geini, kile kirungu cha amplifaya cha kulinganisha nguvu ya muziki unaotoka redio, iache ya mwisho. Sabufa ikiwa imechomolewa, bass boost sifuri, redio robo tatu, mlio wa 50 Hz, mita kwenye volti za AC, vijiti kwenye skrubu za spika za amplifaya: pandisha geini taratibu mpaka volti 31, uishie hapo. Ni kipeuo cha pili cha 1,000, yaani wati 500 mara omu 2.

Nitumie kwanza vile vipimo vya ethi na chanya.

Nduguyo,
Salim