Maziwa Yanapokataa Kuganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaogandisha maziwa ya kuuza hapa Dodoma tunalijua vizuri, ila tumezoea kulimalizia jikoni bila kumwambia mtu: maziwa yanayokataa kuganda. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara mpaka nilipostaafu, na kwa miaka tisa sasa nauza mtindi nyumbani kwangu Nkuhungu. Jambo hili nimeliona nikiwa na darubini na nimeliona nikiwa na upawa mkononi, na nasikitika kwamba tunalichukulia kama mkosi wa biashara wakati linagusa afya ya mji mzima.

Mwezi Juni uliopita nilipokea lita 40 kutoka kwa wauzaji wawili, lita 20 kwa kila mmoja. Nikayachemsha yote, nikayaacha yapoe mpaka kidole kikastahimili, nikatia mbegu ya mtindi wa jana yake, upawa mmoja kwa kila ndoo ya lita 10, kisha nikazifunika ndoo zote nne na kuzizungushia blanketi, maana usiku wa Juni hapa kwetu una baridi na upepo usiochoka. Asubuhi nikafunua. Mtindi ulioshika, ukiitikisa ndoo kidogo, hucheza wote kwa pamoja na kuachana na ukingo. Ndoo mbili zilikuwa hivyo. Katika mbili nyingine maziwa yalitembea kama yalivyomiminwa jana yake. Nikayaonja: yalikuwa matamu, bila dalili ya uchachu, baada ya saa kumi na mbili ndani ya blanketi.

Mbegu ilikuwa moja, moto mmoja, blanketi moja. Kilichotofautiana ni zizi yalikotoka maziwa. Muuzaji wa ndoo zile mbili, ambaye simtaji kwa kuwa ni mtu mwema na hakukusudia ubaya, aliponiletea maziwa ya siku iliyofuata nilimwonyesha. Akanyamaza kwanza, kisha akasema kwamba ng'ombe mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele, akatiwa dawa kwenye chuchu siku mbili kabla, na maziwa yake yaliendelea kuchanganywa na ya wenzake.

Maziwa hayagandi yenyewe. Yanagandishwa na viumbe hai. Bakteria wa jamii za Laktokokasi, Streptokokasi na Laktobasili hula sukari ya maziwa iitwayo laktosi na kutoa asidi laktiki. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana pH, yaani kipimo cha uchachu kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, ya karibu 6.7, na kadiri bakteria wanavyokula ndivyo pH inavyoshuka, hata ikifika karibu 4.6 protini ya kaseini iliyokuwa ikielea hushikana na kuwa ule uzito tunaoujua. Bibi zetu waliyafanya haya ndani ya kibuyu bila kununua mbegu, kwa kuwa bakteria walisalia katika kuta za kibuyu kutoka mkamuo mmoja hadi mwingine. Watafiti wa Kijapani waliochunguza maziwa ya kuchachushwa ya Wamasai wa kaskazini mwa nchi yetu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, waliwakuta humo bakteria wa aina hiyohiyo ya asidi laktiki.

Sasa fikiria bakteria hao wakiwa katika maziwa ya uvuguvugu yenye chakula tele. Wanakua upesi na kugawanyika, na kila anayekua lazima arefushe ukuta wake. Penisilini, mojawapo ya dawa za kuua bakteria anazotibiwa ng'ombe, hunasa vimeng'enya vinavyounganisha ukuta huo; bakteria anaendelea kutanuka huku ukuta wake haushonwi, na mwisho anapasuka. Tetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, ina njia yake: hukaa katika ribosomu, yaani karakana ya kutengenezea protini ndani ya seli, ikaziba mahali ambapo malighafi ingeingia, na bakteria akasimama palepale alipo bila kukua. Kwa vyovyote vile asidi haitoki, na maziwa yanabaki matamu. Bakteria wa mtindi, hasa yule Streptokokasi anayependa joto, ni wepesi mno wa kuumizwa na penisilini, na kwa sababu hiyo ni mashahidi wazuri kuliko ulimi wa mtu yeyote.

Maabara kubwa za maziwa hutumia mantiki hiyohiyo. Nilikuwa naweka tone la maziwa juu ya jeli yenye mbegu za bakteria wanaostawi kwenye joto la nyuzi 64, pamoja na rangi ya zambarau. Baada ya saa tatu hivi, maziwa yakiwa safi, bakteria wamekua, wametoa asidi na jeli imegeuka ya njano. Yakiwa na dawa, jeli inabaki zambarau. Nimeitazama zambarau hiyo mara nyingi mno, na asubuhi ile ya Juni nilikuwa naitazama tena, safari hii ndani ya ndoo zangu mwenyewe.

Nisimsingizie mfugaji kila mara. Mbegu ikichoka, maziwa yakipata baridi kabla ya kushika, ndoo ikibaki na sabuni, au mbegu ikishambuliwa na virusi wanaowala bakteria, maziwa pia hayagandi. Ndiyo sababu kikombe cha kulinganishia ni muhimu: maziwa ya zizi unaloliamini, mbegu ileile, mahali palepale. Nasema hili pia kwa ajili ya wanawake wengi katika biashara hii wanaoambiwa na jamaa zao kwamba mkono wao ni mzito au hauna baraka. Mkono hauna hatia.

Kinachonifanya niandike, Mhariri, ni kile kinachofuata baada ya maziwa kukataa. Wachache sana huyamwaga. Maziwa hayo huwekwa kwenye chai, hupikiwa uji wa watoto, au huuzwa kwa bei ya chini kwa mama lishe, kwa imani kwamba yakichemshwa tena yamekuwa salama. Kuchemsha ni jambo la lazima, na sitaki mtu aache kwa kunisoma mimi, kwa sababu moto huua vimelea vya brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kuja kwa watu, na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Lakini dawa si kiumbe cha kuuawa. Moto wa jikoni unaweza kupunguza sehemu yake tu, na inayobaki inanywewa.

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vimeweka ukomo wa mikrogramu 4 za benzaili-penisilini katika lita moja ya maziwa, na mikrogramu 100 kwa dawa za kundi la tetrasaiklini. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya penisilini ikisambaa sawasawa inatosha kuzifikisha lita 250,000 kwenye ukomo. Hapo utaona kwa nini ng'ombe mmoja aliyetiwa dawa, akichanganywa na wenzake ishirini katika pipa la kukusanyia, hapungui makali kama tunavyojifariji. Na yupo mtu ambaye mwili wake haupatani kabisa na penisilini, anayeweza kuwashwa na kuvimba kwa kinywaji ambacho hakuna aliyemwambia kina dawa.

Hata hivyo ninaogopa zaidi madhara yasiyoonekana siku hiyohiyo. Zamani tulifundishwa kwamba bakteria sugu, yaani wale wasiodhurika na dawa, huchaguliwa pale dawa inapokuwa nyingi kiasi cha kuua wenzao. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Swedeni, akiwamo Erik Gullberg na Dan Andersson, walionyesha kwamba hata kiwango kidogo mno cha dawa, mamia ya mara chini ya kile kinachozuia bakteria kukua, kinatosha kuwapa bakteria sugu nafasi ya kuwazidi wenzao taratibu, kizazi baada ya kizazi. Bakteria dhaifu hafi; anachelewa kidogo tu kuzaana, na mwenzake sugu anamtangulia. Nikisoma matokeo hayo naliona tumbo la mtoto anayekunywa kikombe cha maziwa yenye masalia ya dawa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Isitoshe, usugu hauishii kwa bakteria mmoja: tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Japani walionyesha, kwa vimelea vya kuhara damu, kwamba bakteria hupeana jeni za usugu kama majirani wanavyopeana kaa la moto. Bakteria asiye na madhara aliyejifunza ndani ya utumbo anaweza kumfundisha mwenye madhara.

Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kuwa vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria kwa dawa, na Afrika Kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Serikali yetu inalijua hilo. Mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu ulianza mwaka 2017, na wa pili unaendelea mpaka 2028, ukihusisha watu, mifugo na mazingira. Kwa bahati mbaya, mtu anayebeba madumu kwenye pikipiki kutoka Veyula au Ihumwa hajawahi kuusikia.

Tuwatendee haki wafugaji. Nimekwenda kwenye mazizi, nimeona ng'ombe mwenye ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, akihema huku mwenyewe akishika chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, akijaribu kukisia uzito wa mnyama kwa macho. Dawa hiyo inahitajika na inaokoa. Kila dawa ina siku za kusubiri, yaani muda kati ya sindano ya mwisho na siku maziwa yanaporuhusiwa kuuzwa, nazo hutofautiana: nyingine siku chache, nyingine wiki nzima na zaidi. Lakini chupa nyingi nilizozishika zina maelezo ya Kiingereza kwa herufi ndogo kuliko za gazeti hili, na aliyechoma sindano, ambaye mara nyingi si daktari wa mifugo, ameshaondoka na chupa yake. Hata mfugaji anayezijua siku hizo anajiuliza: ng'ombe anayetoa lita nne kwa siku, maziwa yake yakizuiwa siku saba, ni lita 28 zilizopotea, na ada ya shule haisubiri. Anayemlaumu mtu huyo bila kumpa njia anamwonea.

Naomba mambo yafuatayo yatazamwe na wahusika. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inayosajili pia dawa za mifugo, ihakikishe kila chupa ina siku za kusubiri kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, maziwa mstari wake na nyama mstari wake. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004, ifundishe vituo vya kukusanyia kipimo cha kikombe: chukua robo lita ya maziwa ya kila muuzaji, chemsha, poza mpaka uvuguvugu, tia kijiko cha mbegu yenye nguvu, weka mahali pa joto kando ya kikombe cha kulinganishia, na uangalie baada ya saa tano au sita. Kipimo hiki hakikamati kila dawa. Kwa penisilini ni kikali, kwa streptomaisini na dawa za salfa ni kizito, na kwa hiyo maziwa yaliyoganda hayana cheti cha usafi. Hata hivyo yaliyokataa kuganda mbele ya kikombe kilichoshika yamekwisha kusema, na kituo kinapaswa kumrudia mwenye zizi siku hiyohiyo. Mkoa wetu una Mpwapwa, mahali ambapo utafiti na mafunzo ya mifugo yamekuwapo tangu ukoloni na ambapo ng'ombe anayeitwa kwa jina hilo alizalishwa, na una Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanafunzi wa huko wakipita mtaani na vikombe vyao kwa miezi mitatu tu, watatuambia tunakunywa nini kwa ushahidi, sio kwa kukisia kama ninavyofanya mimi na ndoo zangu.

Kwa upande wangu nimefanya nilichoweza. Niliketi na wauzaji wangu wawili na wenye mazizi yao, tukakubaliana kwamba ng'ombe akitiwa dawa nitaarifiwa kwa simu siku hiyohiyo, maziwa yake hayataletwa mpaka siku za kusubiri ziishe, na mimi nitalipa nusu ya bei ya lita zilizozuiwa. Mwezi uliopita ng'ombe mmoja wa lita nne alichomwa sindano, akasubiriwa siku saba. Kwa bei ya shilingi 1,800 kwa lita nilituma shilingi 25,200. Ndoo zangu mbili zilizomwagwa Juni zilinigharimu shilingi 36,000, bila kuhesabu kuni, na wateja niliowakosa siku ile sijui kama wote wamerudi. Wenzangu wawili wa Nkuhungu wameomba kuingia katika makubaliano haya, na tutakutana nao Jumapili ijayo tupange namna ya kuchangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mgandishaji wa maziwa,
Nkuhungu, Dodoma.