Kabla ya Kulaumu Feni, Hakiki Namba ya Joto

"Kompyuta yangu inasoma nyuzi 90, nibadilishieni feni." Sisi mafundi hapa Dodoma maneno haya tunayasikia sana, hasa Oktoba na Novemba joto linapopanda. Feni huenda ni nzima. Tunaanza na namba yenyewe.

Kihisi cha joto kilicho ndani ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nyingi za Intel hutoa nyuzi zilizobaki kufika kikomo cha joto, kisha programu ya kuonyesha joto inazitoa kwenye kikomo hicho. Kikomo kikiwa 100 na zimebaki 35, unaona 65. Programu ikidhani kikomo ni 90, utaona 55, na kila namba itakuwa pungufu kwa 10. Kwa hiyo tafuta kikomo cha modeli yako kwenye tovuti ya Intel, ulinganishe na kile kinachoonyeshwa na programu ya joto kama Core Temp. Ryzen 7 1800X, prosesa ya AMD, ina kituko chake: kipimo kinachoongoza feni kimeongezwa nyuzi 20 makusudi. Na ukiona 127 isiyotikisika, mara nyingi hapo hakuna kihisi kilichounganishwa, achana nayo.

Zima mashine usiku kucha, weka kipimajoto cha chumba kando yake. Asubuhi washa, ingia BIOS (skrini ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) na usome papo hapo. Prosesa inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko chumba: chumba 22, BIOS 15, basi kipimo kinadanganya kwa nyuzi 7 au zaidi. Usizijaze hizo 7 kwenye programu ukadhani zitafaa hata kwenye 85. Vihisi hivi husema kweli zaidi karibu na kikomo kuliko kwenye ubaridi.

Kipimajoto nacho kihakikiwe. Kile cha waya kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo: kisome 0. Kwenye maji yanayochemka usisubiri 100! Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Anayekisogeza hadi 100 amekiharibu. Kile cha bastola, kinachopima kwa mbali bila kugusa, hudanganywa na alumini inayong'aa, kikasoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, upime juu yake.

Kubadilisha namba kwenye programu hakuipoozi prosesa. Itapunguza kasi na kujizima kwa kufuata kihisi chake.

Ukituletea laptopu, njoo na chaja. Nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi, na joto tunalolitafuta halijitokezi.