Barua kutoka Athens: pesa ya Idi

Kypseli, Athens
8 Julai 2015

Mama yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Tumeshaingia kumi la mwisho na najua unaiangalia simu. Kila nikipiga, vocha inakata kabla hatujamaliza kujuliana hali. Basi mwambie Zuhura akusomee hii polepole.

Pesa ninayo, ila haitoki. Tangu Jumatatu ya tarehe 29 Juni benki zote Ugiriki zimefungwa, na kutuma fedha nje ya nchi kumepigwa marufuku. Kwenye ATM kila kadi inatoa euro 60 kwa siku. Nazo hizo 60 ni za redioni tu: noti za 20 zimekwisha, mashine inatema 50 moja. Kitu pekee kilichokuwa rahisi ni basi, maana siku hizi tunapanda bure.

Unakumbuka ulivyotusimulia foleni za duka la kaya, unaacha jiwe lishike nafasi yako ukakimbia nyumbani kunyonyesha? Hapa hawaijui hiyo ya jiwe. Wanasimama wenyewe, wazee wa miaka themanini, juani. Bibi ninayemlea hana kadi. Pensheni yake huichukua dirishani kwa kitabu. Wiki iliyopita wenzake walifunguliwa matawi machache, wapewe euro 120 za wiki nzima. Jumatano nikampeleka alfajiri na kigoda chake. Saa nne akatoka kijana akasema leo ni majina ya herufi za mwanzo tu. La bibi liko mwishoni. Hakulia wala hakugomba. Alikikunja kigoda mwenyewe, akakataa nisimbebee, tukarudi. Ijumaa ndipo tukapata.

Na mshahara wangu, Mama, unatoka humo humo kwenye pensheni. Imekatwa mara nyingi tangu 2010 hata hesabu imempotea. Zile za nyongeza za Krismasi, Pasaka na likizo zilifutwa kabisa. Kila ikikatwa ananiita mezani, ananionyesha karatasi, anaona haya. Ndiyo maana nilianza kutuma pungufu, nikakudanganya kwamba nalipia masomo ya lugha. Unisamehe.

Hawa ndio Wagiriki wale wale uliotuhadithia walikuwa na mashamba ya mkonge Tanga. Ungedhani watu hao hawawezi kufilisika. Serikali zao zilikopa miaka mingi na hesabu za kweli hazikusemwa. Mwisho wa 2009 ikajulikana pengo kati ya mapato na matumizi yao ni kubwa mno. Mei 2010 wakapewa mkopo wa euro bilioni 110 na wenzao wa Ulaya pamoja na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti: kata mishahara, kata pensheni, pandisha kodi. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kuwalipa wale wale wanaodai. Kodi ya nyumba wakaiingiza kwenye bili ya umeme; usipolipa, unakaa gizani. Hilo sijaona hata kwetu.

Mwezi huo huo wa Mei watu waliingia barabarani, benki ikachomwa moto na wafanyakazi watatu wakafia ndani. Mwaka uliofuata nilijikuta karibu na uwanja wa Syntagma vijana wakivunja ngazi za marumaru wapate mawe. Kitambaa changu cha kichwa nilikifua mara tatu, harufu ya bomu la machozi haikutoka, nikakitupa.

Jumapili hii walipiga kura kama wayakubali masharti mapya ya wadai. Kama 61 katika kila 100 wamesema "ohi", yaani hapana, na Waziri Mkuu Tsipras mwenyewe ndiye aliyewaomba. Usiku walicheza ngoma uwanjani. Bibi alipiga ndiyo, mjukuu wake hapana, sasa hawasemezani. Leo Jumatano benki bado zimefungwa. Mimi naona hao wadai watapata wanachotaka tu, ila hayo simwambii mjukuu.

Sasa la kwetu. Mwambie Mangi aendelee kuandika kwenye daftari: unga, sukari na tambi. Nguo za watoto asiziandike, zina njia nyingine. Kuna kijana wa Mombasa anasafiri wiki ijayo, nimeshampa hamsini nne nilizokusanya moja moja. Akifika atampigia Zuhura. Mkienda kuzibadilisha nendeni wawili, na mtu asiwaambie ni bandia. Zote nimezitoa kwenye mashine kwa mkono wangu.

Mwanao,
Mwanaidi