Mhariri, mwacheni bibi ashike ufagio

Mhariri naomba nafasi kidogo. Huku kwetu Mtwara hela ya korosho ikishaingia utaona vijana wanawashusha wazee wao kutoka Newala na Tandahimba waje kukaa mjini, mama umeteseka sana sasa pumzika, anawekewa tivii, kiti cha plastiki barazani, chai anafuatwa nayo hapo hapo, na nia ni nzuri kabisa silaumu, ila miezi ikipita mama yule yule aliyekuwa anaokota korosho tangu alfajiri unakuta hasemi, usiku halali, chakula anasukuma pembeni, na watu wanaanza oh ni uzee huo, wengine eti ana mkono wa mtu.

Si uzee jamani. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa na unatibika, haiji lazima pamoja na mvi, na kukaa bure kunaichochea, maana aliyezoea shamba ukimtoa umemkatia kazi, stori za njiani, na ule usingizi wa kuchoka, vyote kwa mpigo.

Hapa Chikongola kuna bibi anaamka kabla ya adhana afagie uwanja kimya kimya na ufagio wake wa chelewa, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu mjukuu akimkuta anampokonya, "Bibi acha bwana, watu watasema tunakutumikisha". Yaani shida yote iko hapo, maneno ya majirani! Siku amefagia utamsikia anataniana na muuza samaki, siku amepokonywa anarudi ndani kulala kageukia ukuta.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu wa miaka 65 kwenda juu apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa wastani, ile ya kuongea unaweza ila kuimba pumzi haitoshi, na siku 3 au zaidi afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara asije akaanguka. Ni nusu saa siku 5 tu, na wala si lazima jimu, kutembea mpaka sokoni, kupalilia mchicha, hata ngoma ikilia akainuka kucheza vyote vimo. Wasiwasi na huzuni vinapungua, usingizi unakuja, kumbukumbu nayo inasaidika. Mwenye moyo au presha amuone daktari kwanza, aanze kidogo kidogo.

Sasa ombi langu, hizi jogging za Jumamosi zimejaa vijana na tisheti zao, wazee nao wapangiwe matembezi yao asubuhi jua halijachoma, hata kule Shangani kwenye upepo wa bahari. Na manesi wanaowapima presha na sukari waongeze swali moja, mama siku hizi unalala vipi, moyo wako ukoje? Bodaboda nao, wazee wanapita ukingoni mwa barabara kwa sababu njia ya miguu hakuna, msiwapigie honi za masikioni namna ile.

Msomaji wenu, Mtwara